Msomaji wa Baba

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi ni mtu wa wivu. Sina haja ya kupaka rangi. Mtu akisifiwa chai mbele yangu, tayari najiuliza yangu ina kasoro gani. Mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa na miaka tisa, na wageni walipokuja kumtazama nilijilaza kitandani nikasema naumwa tumbo. Mama akaja, akanigusa paji la uso, akasema, "Hili tumbo lina jina." Alinijua.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa: vyumba viwili, feni moja, na dirisha lisilofunga vizuri. Nimekaa humo miaka kumi na miwili, tangu siku ambazo bosi alikuwa anafagia mwenyewe. Mdogo wangu, ambaye kwetu tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, nilimleta mimi. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamfundisha kuandika ukurasa wake wa kwanza, nikamwombea kazi. Kwa mikono yangu hii! Hakuna aliyenilazimisha.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Kitinda hakuwahi kukigusa, nacho ni saa kumi ya jioni. Kila siku saa tisa na nusu natoka ofisini kwa makubaliano na bosi, kwa kuwa naingia kabla ya wenzangu. Nakwenda nyumbani kwa baba, navuta stuli, namsomea. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja, wenzake wakimwita Fundi Spana. Macho yalianza kumsumbua alipostaafu, na mama alipofariki yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. Anaishi na Kitinda. Mimi nimeolewa mtaa wa pili. Kitinda anampikia, anamfulia, anampeleka kliniki. Mimi namsomea. Na mtu akimwuliza baba nani macho yake, anajibu bila kufikiri: "Huyu mkubwa." Nilikuwa naishi kwa maneno hayo mawili, na nasema kweli.

Tulichokuwa tunasoma ni tovuti ya chama cha wastaafu wa kiwanda. Niliitengeneza mimi, miaka saba iliyopita. Kuna matangazo ya mikutano, habari za wagonjwa, taarifa za misiba, na barua ambazo wanachama wanaandikiana. Nilijivunia mno tovuti ile. Juu ilikuwa na bluu iliyokolea, picha ya geti la kiwanda, na menyu inayoshuka taratibu ukiigusa.

"Soma yote," baba alikuwa akisema. "Na barua pia, usiziruke."

Hapo ndipo penye ubaya wangu. Mwaka mmoja baada ya mama kufariki ilitokea barua ya mwanamke mmoja aliyekuwa mfumaji, akajiita Mama Nyuzi. Nina mazoea ya kupitisha macho kwanza kabla ya kusoma kwa sauti, basi nikaiona: "Fundi Spana yuko wapi? Aliwahi kunitengenezea mtambo wangu namba nane kwa kipande cha waya, ukaenda miaka sita bila kukohoa. Sina namba yake. Kama yupo, aseme neno hapa." Roho ikaniruka. Ala! Miaka yote hiyo, bado anakumbuka na namba ya mtambo? Kaburi la mama halijaota hata nyasi, huyu anauliza fundi yuko wapi! Nikaipita ile barua, nikamsomea baba inayofuata, ya mzee mmoja aliyekuwa analalamikia bati la ofisi ya chama.

Baada ya miezi miwili akaandika tena. Nikaruka tena. Si kwamba maneno yake yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri, ndiyo maana. Alikuwa anachekesha, na mimi nilijua baba angecheka, na kicheko cha saa kumi kilikuwa changu. Kufikia mwaka huu barua zake zilikuwa kumi na moja, na baba hakuwa amesikia hata moja.

Utauliza, kwani hakuwa na njia yake mwenyewe? Alikuwa nayo. Simu yake ina sauti ya kumsomea kilichopo kwenye kioo, na alijaribu sana. Tovuti yangu ndiyo iliyomshinda. Kila kitu nilikijenga kwa div. Div ni kisanduku tu kisicho na jina; unakipa rangi, unakipa ukubwa, na mwenye macho anaona hiki kichwa, hii menyu, hii habari yenyewe. Simu haioni rangi. Kwake vyote ni visanduku, basi inaanza kisanduku cha kwanza na kwenda mbele: picha, picha, Nyumbani, Kuhusu Sisi, Viongozi, Viongozi wa Zamani, mpaka vitu thelathini na vinne. Ukifungua ukurasa mwingine inaanza upya. Na ikifika kwenye menyu inatamka neno bila kusema kwamba linabonyezeka. Baba alivumilia wiki mbili akaiweka simu chini. "Hii inanisimulia mlango tu," akasema, "ndani hainiingizi." Nikacheka, nikavuta stuli yangu. Kusema kweli sikuhuzunika hata kidogo.

Basi mwaka huu chama kikaleta kazi: tovuti imezeeka, ifanywe upya. Bosi akatuita wote wawili mezani. Nilikuwa nimeshajiandaa, nina rangi mpya, nina picha mpya ya geti. Nikaeleza dakika ishirini. Kisha Kitinda akasema, "Dada, samahani, naomba nionyeshe kitu kimoja." Akachukua taulo la mikono pale kwenye sinki, akafunika kioo cha kompyuta yangu, akawasha sauti ya kusoma.

"Tafuta tarehe ya mkutano ujao," akamwambia bosi.

Bosi akabonyeza. Ile sauti kavu ikaanza: picha, picha, Nyumbani, Kuhusu Sisi. Bosi akabonyeza zaidi. Viongozi. Viongozi wa Zamani. Dakika ya nne akavua miwani. "Hawa wanachama wana umri gani?" akauliza.

"Wengi sabini na kitu," akajibu Kitinda. "Wengi macho yao ni kama ya baba."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, niangukie dukani kwenye vitambaa. Si kwa sababu alikosea, la. Ni kwa sababu alikuwa sahihi, mbele ya bosi, na juu ya kazi yangu. Bosi akampa kuiongoza. Mimi, miaka kumi na miwili, nikaambiwa "utamsaidia". Nikasema haya, nikaenda chooni nikafungua bomba na kulia.

Kitinda akaanza kujenga. Nilikuwa nachungulia kioo chake kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Sehemu ya juu, yenye jina la chama na nembo, akaiweka ndani ya header, kwa maana hiki ni kichwa cha ukurasa. Njia za kwendea kurasa nyingine akazitia ndani ya nav, zikiwa orodha, kila njia kiungo cha kweli. Kinachoshusha menyu akakifanya kitufe, button, sio kisanduku kilichovalishwa nguo za kitufe. Habari zenyewe akazitia ndani ya main. Na juu kabisa, kabla ya vyote, akaweka kiungo cha kumrusha msikilizaji moja kwa moja hadi kwenye habari. Uzuri wa macho haukubadilika hata chembe. Ila kila kitu sasa kilikuwa na jina lake, na simu ingeweza kumwuliza mtu: unataka wapi?

Nilijaribu kumkamata. Nikamwambia, "Mbona viungo vya chini kule na vya pembeni hukuvitia nav? Umesahau, au?"

"Sikusahau, dada. Nav nimeweka moja kwa zile njia kuu. Nikiziita zote nav, baba atatajiwa nav tisa, na itakuwa yaleyale ya mwanzo."

Alinijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Angenijibu kwa jeuri ningejua la kufanya.

Jumamosi akamjaribishia baba sebuleni. Nilikuwepo, ningekosaje? Simu ikafika kwenye ile nav, ikaitamka kwa Kiswahili chake: "Urambazaji."

"Urambaza nini?" baba akashtuka. "Mimi na bahari wapi na wapi?"

Kitinda akacheka mpaka akajishika mbavu. Akafungua kompyuta, akaipa ile nav jina, na baba alipojaribu tena sauti ikasema, "Menyu kuu, urambazaji."

"Ahaa. Menyu kuu naielewa, hilo la bahari nitalizoea." Akapitisha kidole. Akafika Matangazo, akagonga mara mbili, akaruka hadi kwenye habari. Akasikia tarehe ya mkutano, saa na mahali. Peke yake. Akasema, "Mwanangu, umenirudishia gazeti langu."

Alikuwa anaongea na Kitinda. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni na vikombe vitatu vya chai kwenye sinia. Mtu mwenye roho safi angefurahi. Mimi nilihesabu: saa kumi yangu imekwisha.

Na kweli. Jumatatu nilipofika baba alikuwa kwenye kiti chake na vipokea sauti masikioni. "Leo nimeshasoma, mama," akaniambia. "Matangazo, wagonjwa, misiba, yote. Bado barua tu, mdogo wako anasema hazijahamishwa. Wewe pumzika, umechoka na kazi." Pumzika! Nilikuwa sijawahi kusikia neno baya kama hilo. Nilikaa dakika kumi nikitazama vidole vyake vikitembea kwenye kioo, kisha nikaaga.

Ukurasa wa barua ulikuwa haujawekwa kwa sababu barua zilikuwa nyingi, mia nne na ushee. Kitinda akaniomba, "Dada, nisaidie kuzihamisha, hizo unazijua kuliko mimi." Hakujua alichokuwa ananipa. Nilikaa nazo siku mbili. Zile kumi na moja za Mama Nyuzi niliziona zikipita moja baada ya nyingine, na nikaona jinsi baba atakavyozikuta. Atajua nilikuwa naruka. Atajua yule mwanamke alikuwa anauliza miaka mitatu. Nitakosa saa kumi na nitakosa hata jina la kuwa niliwahi kuwa macho yake.

Kuna sifa moja unayoweza kuiandika kwenye kisanduku, inayoiambia simu: hapa pita, hapana kitu. Imewekwa kwa ajili ya mapambo, maua na vistari ambavyo hakuna haja ya kumsomea mtu. Nikaiandika kwenye kisanduku kilichobeba barua zote. Maneno mawili ya kompyuta na alama za kufungulia na kufungia. Kwenye kioo barua zilionekana zote, safi, tena nzuri. Mwenye macho asingejua kitu. Nikahifadhi, nikapeleka, nikazima kompyuta.

Kesho yake baba akaniuliza, "Nimefungua barua. Kinatajwa kichwa, 'Barua za Wanachama', halafu chini yake kimya. Zimekwisha?"

"Watu hawaandiki siku hizi, baba," nikasema. "Wamezeeka."

"Hata zile za zamani?"

"Wamezifuta."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi," akasema. Na hiyo "basi" yake ikanifuata mpaka kwangu, nikala nayo, nikalala nayo.

Alimsimulia Kitinda wakati wa chakula, kama habari tu. Na Kitinda ni mtu wa kufunika kioo kwa taulo. Asubuhi nilipoingia ofisini nilimkuta ameshafika, yeye ambaye haonekani kabla ya saa tatu. Kompyuta ina taulo juu. Kila mstari tunaoandika unahifadhiwa na jina la aliyeuandika, tarehe na dakika, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Hakugeuka.

"Nimerekebisha mstari wa mia na kumi na mbili," akasema.

Nikasubiri matusi. Nilikuwa nayataka, wallahi niliyataka. Angeniambia mchawi, angeniambia nimemwua mzee wa watu kabla ya wakati wake, tungegombana na ningepata pa kushika. Akalitoa taulo, akalikunja, akalirudisha kwenye sinki, akaendelea na kazi. Kutwa nzima hakuna neno lingine.

Saa kumi nikaenda kwa baba. Alikuwa kwenye kiti, vipokea sauti viko shingoni, macho mekundu ya mtu aliyecheka au kulia.

"Njoo ukae," akasema. "Leo hatusomi, tunaandika. Vidole vyangu havijui kuandika kwenye kioo. Kuna mahali pa kujibu chini ya barua."

Nikachukua simu. Mahali pale kinachoandikwa kinasomwa na wanachama wote, zaidi ya mia mbili, watu walionijua nikiwa mtoto wa kubebwa.

"Andika: Mama Nyuzi, salamu nyingi. Mimi Fundi Spana nipo. Barua zako kumi na moja nimezipata zote leo." Akaongeza: "Usidhani nilikuwa naringa. Simu yangu ilikuwa mbovu."

Kidole changu kikasimama.

"Mbona siisikii ikigongagonga? Andika. Simu yangu ilikuwa mbovu. Halafu weka namba yangu."

Sijui nilitoa wapi ule ujasiri, au labda nilichoka tu. Niliandika. Nikaandika kwa muda mrefu kuliko maneno aliyosema, na yeye alisikia hivyo, lakini hakuuliza. Nilipomaliza akanyoosha mkono. "Nipe niisikilize kabla haijaenda."

Simu ikasoma kwa ile sauti yake isiyojali mtu, ikasoma salamu, ikasoma pale pa barua kumi na moja, ikafika hapo: "Simu haikuwa mbovu. Mimi ni binti yake mkubwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa naziruka barua zako nikimsomea, na juzi nikazificha, kwa sababu nilikuonea wivu. Yeye hakujua. Nisamehe, mama." Kisha ikasoma namba, tarakimu moja moja.

Baba akairudisha nyuma, akasikiliza tena pale pa wivu. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Mdogo wako aliniambia ni hitilafu ya simu," akasema mwishowe. "Yule hajui kusema uongo, sauti yake inapanda juu. Nikajua anakufunika."

Kwa hiyo alinifunika. Yeye niliyemnunia tangu siku aliyozaliwa. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa huo wema wake.

"Nifute, baba?" nikauliza. "Niandike ulivyosema?"

"Tuma," akasema.

Nikatuma. Hakunigombeza na hakunipapasa kichwa. Aliomba maji, nikampa, akanywa yote.

Siku ya pili yake nilipofika saa kumi nilikuta ujumbe wa sauti umeingia kwenye simu yake, na yeye ameshaweka vipokea sauti masikioni. Alikuwa anacheka. Sio kile kicheko chake cha adabu ambacho nilikuwa nakipata mimi. Hiki kilikuwa kinatoka tumboni, mabega yanatikisika, mkono unapiga paja. Nilisubiri. Ukaisha, akaurudia tangu mwanzo, akacheka tena palepale.

"Amesema nini?" nikauliza.

Akatoa kipokea sauti kimoja. Nikanyoosha mkono, nikidhani ananipa. Akakifuta kwa ncha ya shati lake.

"Wangu huu, mama," akasema bila ukali wowote, akakirudisha sikioni.

Nikaenda jikoni kumchemshia chai, nikawa namsikia anacheka kutoka huko.